Nilivyouzima Mshumaa wa Mdogo Wake

Bibi ninayemsema hapa si bibi yangu wa damu. Ni mama mzee wa Kiyahudi anayeishi ghorofa ya pili huko Bondi, Sydney, na kazi yangu ni kwenda kwake kumfanyia usafi, kumpeleka dukani na kumsindikiza kwa madaktari. Ana daktari wa macho, ana wa moyo, ana wa miguu. Siku ya kwanza nilimwambia, "Bibi, wewe una madaktari wengi kuliko wilaya yetu nzima."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Na wewe una mdomo mkubwa kuliko hii ghorofa. Vua viatu."

Basi tukapatana. Akawa ananiita mhuni wangu, mimi namwita Bibi. Tunaongea Kiingereza. Changu cha kuungaunga, nimekiokotea hapa Sydney nikiwa na ndevu tayari, maana shule yangu iliishia darasa la sita kwenye kambi ya wakimbizi. Chake kina Kijerumani ndani, miaka yote hii hakijamtoka. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hata siku ile ya mshumaa, maneno ya Bibi yaliniingia kichwani kwa Kiswahili, na ndivyo yalivyokaa.

Mimi ni mtu wa utani, wanaonijua wanajua. Kanisani kwetu Mount Druitt, mchungaji akiniona nimeinua mkono kutoa ushuhuda anajifanya hajaniona. Kwa Bibi nilipata mtu wa saizi yangu. Nikisema kahawa yake chungu kama dawa ya minyoo, ananiambia minyoo yangu ndiyo inayolalamika. Tulikuwa hivyo. Ndiyo maana nilijisahau.

Habari za Shanghai zilianza na mifuko ya plastiki. Alinikuta naikunja mifuko ya dukani mmoja mmoja, pembetatu pembetatu, naipanga kwenye droo.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Mama yangu. Kambini mfuko ni mali."

"Kambi gani?"

"Ya wakimbizi. Sisi ni Wakongo, ila mimi nimekulia Tanzania, Kigoma. Maturubai na foleni, Bibi. Foleni ya maji, foleni ya mahindi, foleni ya kuuliza foleni inaanzia wapi."

Akacheka. Halafu akasema, "Mimi pia nimekulia kwenye foleni."

"Ulaya?"

"Shanghai."

"Shanghai ya China?"

"Kuna nyingine?"

Ofisini walitufundisha kwamba mteja mzee akianza kusema mambo ya ajabu, piga simu utoe taarifa. Nikaingiza mkono mfukoni taratibu. Akaniona. "Iache hiyo simu. Sijachanganyikiwa. Kaa chini."

Ndipo aliponipa historia ile, leo kipande, wiki ijayo kipande, mimi napiga deki huku nasikiliza.

Walitoka Viena, kule Austria, yeye akiwa mtoto: baba, mama, yeye, na mdogo wake wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Wayahudi walikuwa wanafukuzwa, maduka yao yanavunjwa, na kila ubalozi waliokwenda kugonga uliwaambia umejaa. "Hata nchi hii tuliyomo," alisema, akanyoosha kidole dirishani kama anamsuta mtu anayepita barabarani. Shanghai peke yake ndiko ambako meli ikifika unashuka na hakuna anayekuuliza viza. Ikawa ndiyo nchi ya wasio na nchi. Walisafiri wiki kadhaa kwenye meli, baba yake akiwa na suti moja na fidla.

Mtaa waliofikia unaitwa Hongkew. Vita vya Wajapani na Wachina vilikuwa vimeshaupiga mabomu, nusu yake vifusi. Wachina maskini walikuwa pale tayari, wamebanana, na sasa wakaletewa wengine wa kubanana nao. Wakimbizi waliwekwa kwenye mabweni, vitanda juu na chini, shuka ndiyo ukuta kati ya familia na familia. Maji ya kunywa lazima yachemke, na makaa hakuna, kwa hiyo kulikuwa na duka la maji ya moto. Unakwenda na birika, unajaziwa, unakimbia kabla hayajapoa. Choo kilikuwa ndoo. Asubuhi anapita mtu na mkokoteni kuzikusanya.

"Alaa!" nikamwambia. "Sisi kambini tulikifuata choo. Nyinyi choo kinawafuata. Mlikuwa mabosi."

Alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji.

Aliniambia hawakukaa tu kulia. Walifungua maduka ya mikate na migahawa ya kahawa, walipiga muziki. Barabara moja ikawa kama wameikata Viena wakaibandika pale: watu wamevaa makoti wanabishana siasa juu ya keki, na nje panya anavuka bila wasiwasi. Nami nikamwambia hata sisi tulikuwa na kinyozi aliyeandika mlangoni kwake "Paris", na mgahawa wa udongo ulioitwa hoteli, ukiagiza chai unaulizwa kama una kikombe chako. Akapiga meza kwa furaha. "Ndiyo! Ndiyo hivyo hivyo!"

Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo. Watu wa huku ukiwaambia kambi wanakuwekea ile sura ya msiba. Bibi alikuwa anaelewa kwamba kambini watu pia walicheka.

Halafu akafika kwenye vibali. Vita vilipokolea, Wajapani ndio walioushika mji, na walikuwa marafiki wa Wajerumani. Wakatoa amri: wakimbizi wote waliokuja miaka ile wahamie ndani ya kieneo kile kidogo cha Hongkew, na hakuna kutoka bila kibali. Kulikuwa na afisa wa kutoa vibali, mtu mfupi, akikuona wewe mrefu anaweza kukupiga kofi kwa urefu wako. Na walinzi wa mpakani, walioambiwa wazuie wenzao wasitoke, walikuwa wakimbizi wenyewe. Walifungwa kitambaa mkononi, wakapewa kirungu.

Hapo mimi niliruka. "Sungusungu!"

"Nini?"

"Bibi, ni sisi kabisa! Kambini walinzi walikuwa wakimbizi wenzetu, tunawaita sungusungu. Kutoka kwenda kutafuta kuni bila ruhusa hairuhusiwi, na wa kukurudisha ni jirani yako. Baba yangu alikuwa mmoja wao! Kirungu na filimbi." Nikashika mti wa deki, nikatembea jikoni kwa maringo kama marehemu baba, tumbo mbele, napuliza filimbi ya hewa. Fiii! Rudi, mama! Rudi na kikapu chako!

Kawaida angecheka. Aliniuliza tu, "Alikuwa anawaacha watu wapite?"

"Inategemea ameamkaje."

Akafungua bomba la sinki, akaacha maji yatiririke, na hakukuwa na chombo cha kuosha. Niliona. Niliona kabisa, nikaendelea na filimbi yangu.

Siku yenyewe ilikuwa ya daktari wa miguu. Nilifika asubuhi, nikafungua kwa ufunguo niliopewa, nikamkuta sebuleni amekaa, koti ameshavaa, mkoba magotini, kimya. Nikapita jikoni kuangalia kama amekula. Juu ya kaunta, karibu na sinki, kulikuwa na mshumaa mfupi mweupe ndani ya kikombe cha glasi. Unawaka.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu moto. Kambini nyumba ni tope, juu nyasi au turubai, na zimepangana kama meno. Mtu mmoja akiacha kibatari kinawaka akaenda kuchota maji, akirudi mtaa hakuna. Tuliona. Kwa hiyo mtoto wa kambi, kabla hajajua kuhesabu, ameshafundishwa kwamba moto hauachwi peke yake nyumbani. Mama yangu alikuwa akikuta kibatari kinawaka na mtu hayupo, anakutafuta popote ulipo, hata uwe kwenye ibada, anakuchapa hapo hapo mbele ya Mungu. Mpaka leo nikitoka nyumbani narudi mara mbili kuangalia jiko, na jiko letu ni la umeme.

Na sisi ndio tulikuwa tunatoka.

Ningeweza kuuliza. Sentensi moja tu: Bibi, huu mshumaa ni wa nini? Hapana. Mimi nikaona nafasi ya kuchekesha. Nikakibeba kile kikombe kwa mikono miwili mpaka sebuleni, nachezesha mabega, naimba ule wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa sauti ya bata, nikasimama mbele yake, nikasema, "Bibi, unataka tuchome jengo zima? Hongera, umefikisha miaka mia tatu!" Nikaupuliza mshumaa.

Moshi ukapanda kati yangu na yeye.

Hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Aliutazama ule utambi, akasema polepole, "Huyo alikuwa mdogo wangu."

Nami nikajibu, "Nani, mshumaa?" Nikacheka.

Mpaka sasa, kupuliza siko kunakoniamsha usiku. Kicheko kile ndicho kinachoniamsha. Kupuliza unaweza kusema sikujua. Lakini kicheko kilitoka baada ya kumuona uso. Nilimuona uso, na mdomo ukaendelea na safari yake.

Kilipokatika, nikaanza kuhangaika. Nikakimbia jikoni kutafuta kiberiti, nikavuta droo, ile mifuko yangu ya pembetatu ikamwagika chini. "Bibi, nauwasha sasa hivi, subiri, nauwasha."

"Acha."

"Dakika moja tu."

"Acha, nimesema. Ukiuwasha wewe utakuwa mshumaa tu. Kaa."

Nikakaa. Daktari wa miguu hatukwenda.

Aliniambia kwamba kwao, kila mwaka, siku aliyokufa mtu wako, unamwashia mshumaa jua likizama, unakaa unawaka mpaka jua la kesho yake lizame. Tarehe inahama kwa sababu wanafuata kalenda yao, kama Ramadhani inavyohama. Huuzimi. Unamalizika wenyewe.

Na akaniambia habari za mdogo wake, zile ambazo kwenye vipande vyote vya historia ile alikuwa anazizunguka. Alikuwa na miaka sita. Tumbo lilimshika, la kuhara damu. Dawa ilikuwa kwa daktari mmoja nje ya mpaka. Baba yao akaenda foleni ya kibali, akasimama mchana kutwa, dirisha likafungwa. Kesho yake akaenda tena, na alikuwa mrefu, akala kofi lake, akaambiwa arudi siku nyingine. Jioni ile akambeba mtoto mgongoni, akamfunika na koti la suti, akaenda mpakani hivyo hivyo. Aliyekuwa amesimama pale na kitambaa mkononi alikuwa jirani yao, fundi saa wa Viena, mtu aliyekunywa chai kitandani kwao. Fundi saa alilia. Lakini hakuwaacha wapite, kwa sababu mlinzi akiacha mtu atoke, anafungwa yeye, na kwenye jela ya Wajapani watu walikuwa wanatoka na homa ya kufa.

"Alilia kweli kweli," Bibi alisema. "Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa baba. Nakumbuka machozi yake, na nakumbuka kirungu chake."

Asubuhi mtoto alikuwa ameshakufa.

Walimzika Shanghai. Vita vikaisha, familia ikapata ruhusa ya kuja Sydney. Miaka ikapita, yale makaburi yakahamishwa, kisha yakapotea kabisa, mawe yake yakaenda kufanya kazi nyingine. Ukienda leo hakuna pa kusimama. Wazazi wamekufa. Binti yake anajua kwamba alikuwepo mjomba, basi. "Hana kaburi," akaniambia. "Ana hicho kikombe. Na mimi nina miaka hii unayonitania nayo. Sijui kama kuna mwaka mwingine wa kumwashia."

Mimi nilikuwa natazama sakafu ile niliyoipiga deki huku nacheza sungusungu. Fiii, rudi, mama. Alikuwa ameniacha nicheze.

Jioni nilifika nyumbani nikamkuta mama anachambua maharage kwenye ungo. Mama yangu akiniona kimya huwa anafikiri nimefukuzwa kazi.

"Weye, unaumwa?"

"Hapana."

"Wamekufukuza?"

"Hapana, mama."

"Basi sema, maana mudomo yako ikifunga, kuna kitu."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na kicheko pia. Hakunikatiza. Aliposikia neno mshumaa mikono ilisimama juu ya maharage. Nilipomaliza akasema, "Umezima moto ya marehemu wa watu."

"Mama, ni wewe uliyenifundisha kuzima moto!"

"Nilikufundisha kuzima. Nilikufundisha kuimba?"



Siku mbili baadaye ujumbe wa ofisi ukaingia kwenye simu: mteja ameahirisha, usiende. Wiki iliyofuata, hivyo hivyo. Hawakuandika sababu. Nikajua Bibi hajanishtaki, maana angenishtaki ningeitwa. Alikuwa hataki tu kuniona. Hilo lilikuwa baya zaidi. Ukishtakiwa unaweza kujitetea, hata ukachekesha kidogo. Nilitaka anisamehe, nilitaka vibaya sana, na sikuwa na mlango wa kuingilia.

Mama alikuwa nao. Kwetu, ukimkosea mtu jambo zito, huendi kuomba msamaha peke yako. Unatafutiwa mkubwa wa kukusemea. Yeye ndiye anaongea, wewe unainamisha kichwa. Na hamwendi mikono mitupu.

"Jumapili tunaenda," mama akasema.

"Ofisi hawaruhusu kwenda kwa mteja bila shifti, na kumpeleka mama yako ndiyo kabisa."

"Ofisi ndiyo ilipuliza?"

Jumapili, baada ya ibada, akavaa kitenge chake cha heshima, akabeba mfuko. Nikachungulia: sukari na mche wa sabuni. Ndivyo tulivyokuwa tunakwenda navyo kwenye misiba kambini. "Mama, huyu ana sabuni. Ana sabuni ya mikono, ya vyombo, ana ya mbwa na mbwa mwenyewe alikufa." Akanitazama tu. Nikanyamaza mpaka Bondi.

Ufunguo nilikuwa nao, nikapiga kengele kama mgeni. Bibi alifungua kidogo, mnyororo ukiwa juu. Akaniona. Kisha akamuona mama nyuma yangu, ameinamisha kichwa.

"Huyu ni mama yangu," nikasema. "Amekuja kuongea na wewe. Hajui Kiingereza zaidi ya cha dukani."

Mlango ukafungwa. Halafu mnyororo ukatoka.

Kochi lilikuwepo, mama hakulitazama. Alikwenda kukaa chini, kwenye zulia, miguu ameinyoosha pembeni, mfuko mbele yake. Bibi akashtuka. "Mwambie akae kitini."

"Anasema kwa aliyefiwa mgeni hakai juu."

Bibi akasema, "Kwetu mfiwa ndiye anayekaa chini," na akavuta kigoda cha kuwekea miguu, akakikalia kwa shida, magoti yakilia. Nami nikabaki nimesimama katikati yao, sijui nijiweke wapi, nikapiga magoti.

Halafu nikagundua jambo ambalo kwenye treni sikulifikiria. Mtu wa kunisemea alikuwa mama. Na mtu wa kumtafsiria mama nilikuwa mimi.

Mama akaanza. "Mwambie: mutoto huyu, mudomo yake ilizaliwa kwanza, yeye akafuata nyuma."

Nikasema kwa Kiingereza, "Mama anasema mimi naongea sana."

Bibi akanikazia macho. "Amesema maneno mengi kuliko hayo. Tafsiri yote, mhuni."

Nikatafsiri yote.

"Mwambie: nilimulea vibaya upande mumoja. Kambini kulikuwa mateso, mutoto akichekesha watu nilifurahi, sikumuchapa. Nikamuacha acheke mahali pa kucheka na mahali pa kulia."

Nikatafsiri.

"Mwambie: alicheka mbele ya uso yako. Alinielezea. Hakunificha."

Hilo nililitafsiri nikitazama zulia. Kuna vitu unaweza kuvisema kwa lugha moja, kuvirudia kwa lugha ya pili ni kama kuvifanya tena.

Mama akausogeza mfuko. Bibi akautoa ule mche wa sabuni, akauinua, akaunusa kwa muda. "Mtaa ule," akasema, "mama yangu angebadilisha koti kwa hii." Akauweka magotini, hakuurudisha mfukoni.

Kisha mama akauliza kitu ambacho mimi, na miezi yangu yote ya kupiga deki na kusikiliza, sikuwahi kuuliza. "Mutoto aliitwa nani?"

Bibi akataja jina. Siliandiki, ni lake. Mama akalirudia akalikosea, Bibi akamrekebisha, akalirudia tena. Mara ya tatu likatoka karibu sawa. Bibi akaweka kiganja mdomoni. Labda alikuwa hajalisikia kwenye mdomo wa mtu mwingine tangu wazazi wake wafe. Simjibii, nasema nilichoona.

"Alikuwa mutoto wa namna gani?"

"Msumbufu," Bibi alisema. "Alikuwa anaenda na birika letu duka la maji ya moto, anarudi na nusu, nyingine amewapa watoto wa Kichina wamwonyeshe kutembea na mikono. Baba anamgombeza, yeye anageuka, miguu juu."

Mama akacheka kidogo, kile kicheko cha kooni. Mimi sikucheka. Nilikuwa naogopa mdomo wangu.

Mama akasema, "Basi tunaomba msamaha. Mimi nainama, na yeye anainama. Umusamehe huyu."

Nikatafsiri. Bibi akanitazama, si mama, mimi.

"Kwa sehemu yangu, nimekusamehe. Ulinikosea mimi, nyumbani kwangu, na umekuja na mama yako. Imekwisha. Jumanne uje, vyoo vichafu."

Mabega yangu yakashuka. Nikaanza kutabasamu.

"Lakini kuna sehemu ya mdogo wangu," akaendelea. "Hiyo siwezi. Kwetu anayesamehe ni yule aliyekosewa. Siku ile ilikuwa yake. Mimi siwezi kumsamehea."

Nilipomtafsiria mama, alikataa. "Aa, hapana. Marehemu atasemaje? Kwetu mukubwa wa familia anapokea msamaha kwa ajili yake. Yeye ndiye mukubwa. Apokee!"

"Mwambie ninaelewa. Kwetu haiko hivyo."

"Mwambie mutoto atabeba mpaka lini?"

"Mwambie sijui."

"Mwambie ni kijana tu!"

"Mwambie na mdogo wangu alikuwa mtoto."

Wale akina mama wawili walibishana juu ya kichwa changu, kila neno likipitia kinywani mwangu, langu la kujitetea hakuna. Mwisho mama aliutazama uso wa yule mzee, akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Abebe." Hilo sikulitafsiri. Bibi aliitikia kwa kichwa kama amelisikia.

Nikamsaidia kuinuka kwenye kigoda. Mama akainuka mwenyewe.

Kituoni nilimuuliza mama kama amekasirika. Akasema hapana, yule mama anasema kweli. "Ungesamehewa yote, ungekuwa umesahau kabla ya treni kufika Blacktown."

Jumanne nilikwenda. Vyoo vilikuwa vichafu kweli. Bibi akasema nimenenepa, nikasema ni kahawa yake imeua minyoo yote. Tunaendelea hivyo, tunataniana, na yeye anacheka, na nadhani anacheka kweli. Sehemu ya Bibi imekwisha, alisema, na yule hasemi kitu mara mbili.

Hiyo nyingine, ya mdogo wake, ninayo. Nikiwa napiga deki sebuleni, nikifika pale niliposimama na kikombe, najiambia kwamba mtoto wa miaka sita anayetembea kwa mikono, anayegawa maji ya moto ili afundishwe mchezo, angecheka. Watoto wote wanapenda mtu anayeimba kama bata na kupuliza mshumaa. Angesema rudia. Najiambia hivyo karibu kila wiki, na inakaribia kunituliza. Halafu nakumbuka kwamba naweza kumsemesha chochote ninachotaka, kwa sababu hana namna ya kunibishia.